Mkokoteni Uje Mwisho: Kumfundisha Punda Mchanga kwa Kamba Mbili

Siku moja ya soko huko Mwea niliitwa kumtazama punda aliyemwaga mtaroni mkokoteni mzima wa mpunga pamoja na dereva wake. Alikuwa dume wa miaka mitatu hivi, na siku hiyo ndiyo aliyofungwa kitu nyuma yake kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kuvuta hata kijiti. Mwenyewe aliniambia neno ninalolisikia kila kijiji: asante ya punda ni mateke. Nilipomuuliza punda alifundishwa lini, akanijibu kwamba punda hafundishwi, huzoea mwenyewe.

Nimekuwa daktari wa mifugo kwa miaka mingi, na jibu hilo bado linaniuma. Sehemu kubwa ya vidonda ninavyoosha, vya kamba, vya fimbo na vya kuanguka, huanzia siku ya kwanza ya namna hiyo.

Ipo njia nyingine. Mfundishaji hutembea nyuma ya mnyama akiwa ameshika kamba mbili ndefu, moja kila upande, zinazotoka kwenye hatamu ya kichwani. Hakuna mzigo, hakuna mkokoteni. Wafugaji wa farasi wa kazi huko Uingereza hufanya hivyo na farasi aina ya Shire, ambaye akikomaa anaweza kufika kilo elfu moja. Mnyama wa uzito huo huwezi kumshinda kwa mabavu, kwa hiyo humfundisha akiwa bado mchanga. Punda wetu wengi hawafiki hata kilo 200, na nadhani ndiyo sababu tunajidanganya kwamba fimbo inatosha.

Kwa nini utembee nyuma? Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na sehemu iliyo nyuma ya mkia wake. Mkokoteni unakaa hapo hapo asipoona. Unagongagonga, na akikimbia, unamfuata. Farasi akishtuka hutimua mbio. Punda mara nyingi husimama tuli apime hatari kwanza. Sisi tunauita ukaidi, tunamchapa, naye anajifunza kwamba hatari yenyewe ni yule aliye nyuma. Kazi ya kamba mbili ni kumfundisha kinyume chake: sauti inayotoka nyuma ni ya mtu anayemjua.

Kwanza kagua umri wake kwa meno. Tazama meno ya mbele ya taya la chini. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu, yale mapana, huota akiwa na miaka miwili na nusu hivi. Ya pili miaka mitatu na nusu. Ya tatu miaka minne na nusu. Mwenye jozi moja anaweza kufundishwa kamba, lakini asivute mzigo, maana mifupa yake bado inakua. Mizigo myepesi isubiri atimize miaka mitatu kamili, na kazi kamili isubiri minne.

Vifaa ni vichache. Hatamu laini isiyo na chuma cha mdomoni. Mkanda mpana wa kuzunguka kifua nyuma ya miguu ya mbele, wenye pete moja kila ubavu. Mikanda ya usalama ya magari makuukuu inafaa sana. Kamba mbili za pamba, kila moja mita sita au saba. Nailoni na katani huchuna ngozi, ya kwako na ya kwake. Pitisha kila kamba kwenye pete ya ubavuni ili isimning'inie miguuni, na usiizungushe mkononi hata siku moja. Punda akikurupuka, iachie.

Anzia ndani ya boma, na punda mwenzake awe karibu. Punda hufungamana sana na mwenzake, na ukiwatenganisha ghafla hatasikia lolote utakalosema. Msaidizi amshike kichwani siku za kwanza, nawe utembee nyuma kidogo, upande mmoja, mbali na mateke. Dakika 15 zinatosha, kisha mpumzishe.

Siku ya kwanza mambo yote yako kwenye kamba ya nje. Mnapogeuka, kamba hiyo itazunguka makalio na kugusa mguu wa nyuma juu ya goti. Atabana mkia, pengine atarusha teke. Usivute, usipige kelele. Acha kamba ilale pale pale mpaka atulie, ndipo uilegeze. Ukiiondoa akiwa bado anarusha mateke, umemfundisha kwamba teke ndilo linaloondoa usumbufu. Ukilegeza akiwa ametulia, umemfundisha utulivu. Hapa sina haraka kabisa. Nikitumia siku tano kwa jambo hili moja, sijapoteza siku hata moja, kwa kuwa kamba ya leo ndiyo mkono wa mkokoteni wa kesho utakaomgusa mahali pale pale.

Maneno yawe machache, na watu wote wa nyumbani wayatamke sawasawa. "Simama" lije kwanza, kabla ya "twende". Punda anayejua kusimama kwa sauti tupu ameshaokoa maisha ya watu barabarani. Kulia na kushoto huanza kwa sauti moja, na punda husikia sauti, hajui maana. Mimi hutumia "lia" na "shoto". Tamka neno, subiri, kisha kaza kidole tu kwenye kamba. Akigeuka, legeza papo hapo.

Akishazoea bila msaidizi, mtoe nje: apite kwenye madimbwi, kwenye daraja la mfereji, karibu na bodaboda. Kisha watu wawili washike kamba za kifuani mwake na kuvuta kidogo kinyume, ili aujue uzito unaoweza kuachiwa mara moja. Baadaye mfunge tairi kuukuu alikokote kwenye vumbi asikie mburuzo. Mkokoteni mtupu uvutwe na watu kando yake kwanza, halafu nyuma yake, ndipo afungwe.

Usimvalishe nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo ya kubeba nira. Punda husukuma kwa kifua, kwa hiyo anahitaji mkanda mpana wa kifuani, pamoja na mwingine wa makalioni, kwa sababu mikokoteni yetu mingi haina breki na kwenye mteremko humsukuma kisigino. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kumpiga mnyama kikatili au kumbebesha kupita kiasi ni kosa.

Safari ya kwanza iwe ya kwenda kuchota maji, na mitungi iwe mitupu kwenda na kurudi. Siku inayofuata jaza mmoja.