Je, uvutano ni wa ukoo mmoja na nguvu nyingine?

Dereva wa matatu alikanyaga breki ghafla pale Roysambu, sote tukarushwa mbele. "Hiyo ni graviti, mzee," akasema kijana niliyekaa naye. Hapana, kijana wangu, ni mwili tu kuendelea na mwendo uliokuwa nao. Ila hakuwa mbali sana: Einstein alitambua kwamba ukifungiwa ndani ya sanduku dogo, huwezi kupambanua uvutano na mwendo unaoongezeka kasi. Wazo hilo lilimfikisha kwenye nadharia yake ya uvutano ya mwaka 1915 (uhusianifu wa jumla), nayo ikazaa dhana ambayo hata wasomi huirudia.

Dhana: uvutano si nguvu, ni kupinda kwa nafasi na wakati, hivyo hauna haja ya kuunganishwa na chochote.

Nusu ya kwanza naikubali. Ya pili inanishinda. Kinachopinda nafasi ni maada, na maada hufuata sheria za kwantamu, yaani zile zinazotawala chembe ndogo kabisa. Elektroni yaweza kuwa katika hali ya huku na kule kwa pamoja. Je, inapinda nafasi ya upande upi? Nadharia ya 1915 haijibu. Ukiuingiza uvutano katika kwantamu kwa mbinu iliyofaulu kwa nguvu nyingine, hesabu zinatoa majibu yasiyo na kikomo.

Dhana: uvutano ndio wenye nguvu kuliko zote, maana umeshika sayari.

Kumbe ni mnyonge. Sumaku ya friji huning'iniza msumari huku Dunia nzima ikiuvuta chini. Kati ya protoni mbili, msukumano wa umeme huuzidi uvutano mara 1 yenye sufuri 36. Ushindi wake angani ni kwamba chaji chanya na hasi hufutana, wakati uvutano hujumlika tu.

Dhana: nguvu zote zimeshaunganishwa.

Glashow, Salam na Weinberg walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kuunganisha mbili: sumakuumeme na nguvu dhaifu ya nyuklia. Hata zile nadharia ziitwazo "kuu" hulenga tatu, yaani hizo mbili na nguvu kali ya nyuklia, uvutano ukiachwa nje. Chembe inayodhaniwa kuubeba uvutano, gravitoni, haijaonekana bado.

Mwaka 1970 setilaiti Uhuru, ya kupima eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, na vipimo vyake vikasaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei hizo, huenda ni shimo jeusi: mahali ambapo uvutano ni mkali hata mwanga hautoki. Katikati ya shimo la aina hiyo, hesabu za Einstein zenyewe hugota, na hapo ndipo haja ya kuuunganisha uvutano na kwantamu inapoonekana.