API (njia ambayo programu hutumia kuzungumza na seva) na maombi mabovu: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Dhana: Fomu imeshahakiki data, seva haina haja ya kurudia.
Fomu iko mikononi mwa mtumiaji. Mwenye curl (programu ya kutuma maombi kwa amri) anairuka kwa mstari mmoja tu. Wala si lazima awe na nia mbaya: programu ya simu ambayo haijasasishwa muda mrefu itaendelea kutuma data kwa umbo mliloliacha zamani.

Dhana: Ombi bovu likija, rudisha msimbo wa jibu 500, yaishe.
500 maana yake seva ndiyo iliyokosea. Utaamshwa usiku wa manane, kumbe mtu kaandika "ishirini" kwenye umri. Tena programu nyingi zikiona 5xx (msimbo unaoanza na 5) hujaribu upya, na ombi bovu halitengemai kwa kurudiwa. Kosa la mtumaji ni 4xx. (Wale wa 200, yaani "sawa", yenye `"imefaulu": false` ndani yake, sina la kuwaambia.)

Dhana: 422 si msimbo halali wa HTTP (kanuni za mawasiliano ya wavuti).
Ulianzia kwenye WebDAV (nyongeza ya HTTP ya kuhariri faili kwenye seva), kweli, lakini RFC 9110 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) ya mwaka 2022 imeuweka ndani ya HTTP yenyewe. Kwa kawaida 400 ni ya JSON (muundo wa kuandika data kwa maandishi) isiyosomeka, mfano mabano hayakufungwa. 422 ni ya JSON inayosomeka vizuri ila yaliyomo hayakubaliki. Ukitaka kutumia 400 kwa yote mawili, sawa, mradi kila njia ya API isiwe na mtindo wake.

Dhana: "Data si sahihi" ni ujumbe wa kutosha.
Data ipi? Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima. Mtu katuma oda yenye bidhaa kumi, moja ina idadi hasi, na barua pepe haina @. Mjibu hivi:

```
{"makosa": [
  {"mahali": "/bidhaa/2/idadi", "sababu": "Iwe 1 au zaidi"},
  {"mahali": "/barua_pepe", "sababu": "Haina @"}
]}
```

`/bidhaa/2` ni bidhaa ya tatu, maana hesabu huanzia sifuri. Makosa yote yaje pamoja. Ukimpa moja moja, atarekebisha la kwanza, atume, agundue la pili, atume tena. Bahasha ya majibu haya nayo ipo tayari: RFC 9457 ya 2023, iliyochukua nafasi ya RFC 7807, imeweka aina ya `application/problem+json` na inakuruhusu kuongeza orodha yako kama hiyo.

Dhana: Maelezo yakizidi, ndiyo bora.
Si yote. Pydantic (maktaba ya Python ya kuhakiki data) toleo la 2, kwa mfano, huambatisha kwenye kosa thamani iliyotumwa, chini ya `input`. Nenosiri likiwa fupi mno, linarudi lilivyo ndani ya jibu, na kama unaandika makosa kwenye logi (faili la kumbukumbu za seva), linabaki humo wazi kwa kila anayeifungua. Iondoe `input` kabla kosa halijatoka wala kuandikwa popote.