King'ora kinalia, lakini anayeendesha mashine anakisikia?

Viwanda vingi hujaribu king'ora cha dharura siku ambayo mashine zimezimwa, Jumapili au wakati wa matengenezo. Fundi anabonyeza kitufe, mlio unafika hadi getini, fomu inasainiwa. Jaribio la namna hiyo linathibitisha jambo moja tu, kwamba king'ora ni kizima. Halisemi lolote kuhusu mama aliyesimama katikati ya mashine za kufuma saa nane mchana, kavaa vikinga masikio, macho yake yote kwenye nyuzi.

Tuanze na hesabu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7731 kinataka mlio wa hatari uzidi kelele za eneo kwa desibeli 15 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na usiwe chini ya 65. Ofisini hilo ni jepesi. Kiwandani mambo hubadilika. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kudhibiti kelele kazini, kwa mfano, zinaruhusu wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Maana yake hata mwajiri anayefuata kanuni atahitaji mlio wa desibeli 105, na hizo ni 105 zinazofika sikioni mwa mfanyakazi. Namba iliyobandikwa kwenye king'ora kwa kawaida imepimwa mita 1 tu kutoka kwenye kifaa. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. King'ora cha 110 kinabaki na 104 kwenye mita 2, 98 kwenye mita 4, na 92 kwenye mita 8. Ndani ya jengo kuta na bati hurudisha sauti kiasi, lakini si kwa kiwango cha kumfikia mtu wa mwisho wa ukumbi.

Meneja akiziona namba hizi, wazo la kwanza ni kununua king'ora kikubwa zaidi. Namshauri asubiri. Kiwango cha Marekani cha tahadhari za moto, NFPA 72, kinakomea desibeli 110, kwa sababu zaidi ya hapo king'ora chenyewe kinaanza kuumiza masikio. Tena mlio mkali kupita kiasi huwachanganya watu, na msimamizi hawezi hata kuzungumza na zimamoto kwenye simu. Ni heri ving'ora vidogo kadhaa vilivyotawanywa karibu na watu.

Njia ninayoipenda zaidi haimo kwenye orodha ya manunuzi: punguza kelele badala ya kuongeza mlio. Fundi umeme anaweza kuuunganisha mfumo wa tahadhari na umeme wa mashine, ili king'ora kikianza, mikanda ya kusafirishia mizigo, mashine za kufuma na redio ya stoo vikatike vyenyewe. Ukimya wa ghafla peke yake huwafanya watu wainue vichwa. Kazi hii ifanywe kwa makini, kwa maana boila, tanuru, winchi iliyobeba mzigo na feni za kutoa moshi havizimwi ovyo.

Halafu kuna aina ya mlio. Anayefanya kazi kwenye kelele miaka mingi hupoteza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na vikinga masikio navyo huzuia sauti nyembamba kuliko nene. King'ora chenye mlio mwembamba wa kutoboa kinaweza kumpita kabisa mzee wa kiwanda huku kijana aliyeajiriwa juzi akikisikia vizuri. Ndiyo maana ISO 7731 inataka mlio uwe na nguvu ya kutosha chini ya hezi 1500, yaani kwenye sauti nene (hezi hupima wembamba wa sauti). Kumwambia mzee avue vikinga si suluhisho. Na tafadhali, king'ora cha kutangaza chakula cha mchana kisiwe hichohicho cha moto. Kiwango cha ISO 8201 kina mpangilio unaotambulika: milio mitatu ya nusu sekunde, kisha kimya cha sekunde moja na nusu, halafu inarudiwa.

Kelele zikizidi desibeli 105, NFPA 72 inalazimisha taa, na mimi ningeziweka hata kabla ya kufika hapo. Kimulimuli kiwekwe mahali macho ya mfanyakazi yanapoangalia. Mshonaji anatazama sindano, hivyo taa iliyo ukutani nyuma yake haimsaidii. Rangi yake pia isifanane na taa za fokolifti, ambazo watu wameshazoea kuzipuuza. Anayefanya kazi peke yake kwenye chumba cha baridi apewe kifaa cha kutikisika mwilini.

Hata hivyo, kusikia si kutoka. Novemba 2012 kiwanda cha nguo cha Tazreen, nje ya Dhaka, Bangladesh, kiliungua na watu zaidi ya 110 wakafa. King'ora kililia, lakini walionusurika walieleza kwamba wasimamizi waliwaambia warudi kazini. Kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon uliolipuka mwaka 2010, fundi mkuu wa elektroniki alitoa ushahidi kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimezuiwa kulia chenyewe, ili watu wasiamshwe usiku na tahadhari za uongo. Chanzo cha tahadhari za uongo kitafutwe na kirekebishwe, na amri ya kutoka isisubiri ruhusa ya msimamizi wa zamu.

Kwa hiyo jaribuni zamu ikiwa kazini na mashine zote zikinguruma, baada ya kuwaarifu watu na zimamoto. Wekeni mtu mwenye karatasi kila kona: chooni, chumba cha boila, ndani ya fokolifti yenye vioo vilivyofungwa. Aandike sekunde zilizopita kabla mtu wa eneo lake hajageuka. Kisha rudieni jaribio huku umeme wa gridi ukiwa umekatwa na jenereta linanguruma, kwa sababu hapo ndipo hugundulika kwamba betri ya king'ora ilikufa zamani.