Je, wajua kwa nini miti ya Lubumbashi huchipua kabla ya mvua?

Mwezi wa tisa, udongo mwekundu wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, unakuwa mgumu kama tofali. Mvua iliaga tangu mwezi wa nne, na ile ya kutegemewa itarudi mwezi wa kumi na moja. Hata hivyo, ndipo jakaranda zinapoanza kutoa maua ya zambarau barabarani, na miti ya miombo pembeni mwa mji inavaa majani mapya mekundu. Maji miti hiyo inayatoa wapi?

Jibu linaanzia kwenye kupukutika. Jani hupoteza maji mchana kutwa kupitia vitundu vyake vidogo. Mti ukidondosha majani katikati ya kiangazi, upotevu huo hupungua sana, huku mizizi iliyozama chini ikiendelea kuvuta unyevu uliobaki tangu masika. Maji hayo hujikusanya shinani polepole, na machipukizi huanza kuvimba. Wakati huohuo, tangu tarehe 21 Juni hivi, mchana unarefuka, na baridi ya usiku inaondoka. Mti hauhitaji tone la mvua ili uamke.

Wekundu wa majani machanga nao una kazi. Ni rangi iitwayo anthosiani, na inadhaniwa kulilinda jani lisiunguzwe na jua kali kabla klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, haijakamilika.

Kwa nini mti usingoje tu? Hapa ndipo ninapoustaajabia kweli. Mvua za kwanza zikigusa udongo mkavu, vijidudu vya ardhini huamka kwa wingi na kuachilia naitrojeni, chakula cha mimea, ambayo mvua zinazofuata huweza kuizamisha mbali. Mti wenye majani tayari huiwahi. Tena viwavi huongezeka mvua zikishaanza, na wakifika hukuta majani yamekwisha kukomaa, si laini tena.

Muembe wa uani una njia yake. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ile inayotufanya tutafute makoti jioni, ndiyo inayousukuma kutoa maua. Ndiyo maana unachanua katikati ya ukame, na maembe yanaiva mvua zikiwa zimeingia.

Mboga ya lengalenga (mchicha) haina bahati hiyo. Mizizi yake ni mifupi, haifiki kwenye unyevu wa chini, kwa hiyo bila kumwagiliwa itanyauka. Mahindi vilevile: usidanganywe na majani ya miombo ukapanda mapema, mbegu inahitaji udongo uliolowa.

Na kuna kosa linaloniuma kila mwaka: mtu anaukata mti mwezi wa nane akidhani umekufa. Kwangua gamba la kitawi kidogo kwa ukucha. Ukikuta kijani na unyevu, mti uko hai. Uuache mpaka mwezi wa kumi na moja. Kitawi kikiwa kikavu, kwangua kingine karibu na shina kabla ya kuchukua shoka.