Kumu-CC mtu siyo kumpa kazi

Jamani naomba tuelewane kwenye hili la CC. Msimu wa korosho ukishafunguliwa huku Mtwara imeili zinamiminika, wa ghalani anaandika, mnunuzi anaandika, wakala wa meli naye anaandika, na kila wiki lazima usikie mtu anafoka, "mbona hujashughulikia, si nilikuCC?" Hapana. Kama ulimu-CC, hukumwambia ashughulikie.

CC ni nakala kwa taarifa, basi. Aliyeko kwenye Kwa, ile sehemu ya juu ya imeili inayoandikwa To kwa Kiingereza, ndiye unayeongea naye na ndiye anayetakiwa kujibu au kufanya, aliyeko CC anapewa ajue kinachoendelea.

Na hii sijaitunga mimi. Herufi zenyewe ni kifupi cha Kiingereza cha nakala ya kaboni. Waliowahi kukaa masijala wanakumbuka, katibu muhtasi anapanga karatasi mbili tatu kwenye taipu, katikati anachomeka kaboni, ile nyeusi inayochafua vidole, akigonga herufi juu inatokea na chini. Kaboni ni ya zamani kweli, Ralph Wedgwood aliipatia hataza Uingereza mwaka 1806, taipu hazijafika hata maofisini. Sasa karatasi ya juu ndiyo ilikuwa inaenda kwa mwandikiwa, za chini zinaenda kwenye faili na kwa wanaohitaji kujua. Waliounda imeili wakaubeba utaratibu huohuo, na waraka wa kiufundi unaoeleza muundo wa imeili, RFC 5322 wa mwaka 2008, unaitaja kabisa taipu na kaboni, halafu unasema CC ni ya watu wengine watakaopata ujumbe hata kama yaliyomo hayaelekezwi kwao.

Kinachonishangaza ni kwamba kwenye karatasi hatukosei. Barua ya halmashauri ikiwa na "Nakala:" pale chini, na Katibu Tawala wa Wilaya ametajwa, hakuna anayekaa kumsubiri DAS aijibu. Na mwalimu wa Newala akiandika kwa Mkurugenzi anaweka "Kupitia kwa Mkuu wa Shule", maana anajua ile ni kitu kingine, mkuu wa shule lazima aione na aipitishe ndipo iendelee. Sasa kwenye imeili tumechanganya vyote viwili, mtu anamweka bosi CC, bosi yupo Lindi kwenye kikao hajafungua hata simu, halafu mzigo unaruhusiwa kutoka kwa hoja kwamba "bosi alikuwepo kwenye imeili". Kuwepo CC siyo kupitisha! Kimya cha mtu wa CC hakina maana yoyote, siyo ndiyo wala siyo hapana.

Hasara yake ni muda. CC ikitumika inavyotakiwa unaweza kuiambia programu itenge zile ambazo wewe upo CC tu ziende folda yake, Outlook ina kanuni ya hivyo na Gmail unaweka kichujio, unazipitia mara moja baada ya chakula cha mchana na asubuhi yako yote inabaki kwa waliokuandikia wewe. Ila kazi zikiwa zinafichwa humo CC huwezi kuthubutu, utafungua kila kinacholia, na siku ya mnada vinalia mpaka magharibi.

BCC sina maneno nayo mengi, ni nakala ambayo wengine hawaioni, inafaa ukiwaandikia wakulima wengi kwa mpigo bila kutawanya anwani zao.

Kwa hiyo ukitaka Somoe alete cheti cha usafi wa mimea, mtoe kwenye CC umpeleke kwenye Kwa, umtaje kwa jina mstari wa kwanza, "Dada Somoe, naomba cheti kabla ya saa nane mchana." Ukitaka idhini ya bosi mwandikie yeye, "naomba idhini yako", usubiri ajibu. Na kama ulishatuma kwa CC na kazi imelala, usimfokee mtu, itume upya jina likiwa mahali pake, atafanya tu.