Ugali wa Yanga, Firigisi ya Baba na Hadithi ya "Zamani Tulikula Vizuri"

Wakae watu waliovuka miaka hamsini mahali pamoja, kwenye msiba au kikao cha harusi, na muda si mrefu utasikia: zamani tulikula vizuri. Vyakula vya asili, hakuna kemikali, familia nzima kwenye sinia moja, watoto wenye afya, wazee wanaofika miaka mia. Vijana wanasikiliza huku wakishika chipsi zao kwa aibu.

Mimi ni wa rika hilo. Nimekulia Tanzania bara miaka ya 1970 na 1980, na mengi katika hayo nayakumbuka kama wanavyoyakumbuka wenzangu. Ila nikiuliza zamani ipi, ya mwaka gani, nyumba ya nani, na wewe ulikuwa umekaa upande gani wa sinia, hadithi inaanza kupwaya.

"Ugali ndio chakula cha mababu zetu"

Inategemea mababu wa lini. Mahindi asili yake ni Amerika, na yaliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno kuanzia karne ya 16. Muhogo nao ni wa huko huko, pamoja na viazi vitamu, karanga, nyanya, pilipili na maharage. Toa vyote hivyo jikoni kwa bibi uone kinachobaki: mtama, uwele, ulezi, kunde, njugu mawe, ndizi kwa wenye migomba, na mboga kama mlenda. Mgogo aliyekuwa akila ugali wa uwele kwa mlenda ndiye aliyekuwa karibu na mababu kuliko sisi wa sembe.

Mahindi yalishika sehemu kubwa ya Tanzania bara wakati wa ukoloni, yakisukumwa na mashamba makubwa na reli, ambako kibarua alipewa posho ya unga. Na yalikuja bila maarifa ya wenyewe. Huko Mexico watu huchemsha mahindi kwa chokaa au majivu kabla ya kusaga, jambo linaloufanya mwili upate vitamini ambayo vinginevyo hubaki imefungwa ndani ya punje. Huku kwetu kilichotuokoa ni maharage, dagaa na mboga za majani. Aliyekula ugali mtupu siku nenda rudi alikuwa na hatari ya kupata pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi na kuharisha unaotokana na kukosa vitamini hiyo.

"Ule ugali wa yanga ulikuwa chakula cha ng'ombe wa Wamarekani"

Hapa pana maneno mengi, kwa sababu kila mtu wa rika letu ana kisa chake.

Ukame wa 1973 na 1974 uliikuta nchi katikati ya Operesheni Vijiji, watu wakihamishwa kutoka mashamba waliyoyazoea. Chakula kikapungua sana, na serikali ikalazimika kuagiza na kupokea nafaka kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawa vilevile. Sehemu kubwa ya mahindi yaliyokuja yalikuwa ya njano, yakasagwa na kugawiwa kupitia Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, na wananchi wakayapa jina la timu yenye jezi ya rangi hiyo. Mashabiki wa Simba walikula wakinung'unika mara mbili.

Uvumi wa ng'ombe haukutoka hewani. Ni kweli Marekani sehemu kubwa ya mahindi ya njano huliwa na mifugo au kuishia viwandani. Lakini mahindi ya njano ni chakula cha watu pia. Waitaliano wanasonga ugali wao kwa unga huo na hawamwombi mtu msamaha. Tena rangi ile inatokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, kitu ambacho mahindi yetu meupe tunayojivunia hayana. Kwa hesabu ya macho na kinga ya mtoto, sahani ya yanga ilikuwa na jambo ambalo sembe nyeupe pe haikuwa nalo.

Kilichotukera ni harufu. Punje ina kiini chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha yakikaa muda mrefu ghalani na melini. Ndiyo maana sufuria ilipofunuliwa nyumba nzima ilinukia gunia, na ugali wenyewe ulikuwa na utamu wa mbali usioelewana na dagaa. Mama alijaribu kuufunika kwa bamia nyingi. Wakenya nao waliyaonja mahindi hayo baada ya ukame wa 1984, na malalamiko yao hayatofautiani na yetu.

Madhara halisi yalikuwa mengine, na hayatajwi sana vikaoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoani Tabora alionekana mdudu mgeni, dumuzi, ambaye kwao ni Amerika ya Kati. Inaaminika aliingia na shehena za nafaka. Wakulima walimwita Scania, maana alivyofanya kazi ghalani ni kama lori limepita. Unafungua kihenge kilichojaa masuke, unakuta maganda na vumbi.

"Chakula hakikuwa na kemikali"

Baada ya Scania, dawa ilikuwa lazima. Wataalamu wa kilimo walifundisha watu kupukuchua mahindi badala ya kuyahifadhi kwenye masuke, kisha kuchanganya punje na dawa ya unga. Hata kabla ya hapo DDT, sumu ya kuulia wadudu, ilikuwa ikitumika majumbani na mashambani, na sijui nani kati yetu alikuwa akisoma maandishi kwenye pakiti.

Hata gunia lisilotiwa dawa halikuwa salama eti kwa kuwa ni la asili. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu, haihitaji kiwanda. Mwaka 1981 wilayani Machakos, Kenya, watu 20 waliugua ini baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu, na 12 kati yao wakafa.

"Shida yote ililetwa na vita ya Kagera"

Vita ya 1978 na 1979 ilikausha hazina, hilo halina ubishi. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977, bei ya mafuta ya petroli ikapanda upya 1979, na bei aliyolipwa mkulima na mashirika ya umma ilikuwa ndogo kiasi kwamba wengi walilima ya kula tu au wakauza kwa mlango wa nyuma.

Pia tusiseme "chakula kilikosekana" kana kwamba nchi nzima ilikuwa na sahani moja. Kilichoadimika zaidi ni bidhaa za dukani: sukari, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, sabuni. Mtoto wa Bukoba mwenye migomba nyuma ya nyumba alikosa sukari, hakukosa chakula. Mtoto wa Dar es Salaam ndiye aliyetumwa alfajiri kuweka jiwe kwenye foleni. Jiwe lilikuwa na heshima zake: la mama fulani linajulikana, na ole wake atakayelisogeza. Mzigo ukifika, kila jiwe linapata mwenyewe, na ghafla foleni ya mawe ishirini ina watu sitini. Chai ikanywewa kwa sukari guru au kwa pipi iliyomung'unywa kinywani. Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa.

"Familia nzima ilikula pamoja"

Pamoja na nani? Nyumba nyingi nilizozijua, baba alikula barazani na wageni au watoto wakubwa wa kiume, mama na wadogo wakala jikoni. Pwani sinia la wanaume lilikuwa lao na la wanawake lao. Aliyenawa kwanza alikuwa mkubwa, na maji yalipofika kwa wa mwisho yalikuwa mchuzi tayari.

Kwenye sinia la watoto kulikuwa na sheria. Unachovya kwa zamu. Unakula upande wako. Nyama haiguswi mpaka ugali umekaribia kuisha, na mkubwa ndiye anayegawa. Ukiiwahi unapigwa kofi la mkono uleule ulioiwahi. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, nani aulize. Sisi tulipigania shingo na miguu, na siku ya wali tulipigania ukoko.

Ni kumbukumbu tamu, ila mwenye miaka miwili hakuwa na mbio za mwenye miaka tisa. Ndiyo maana wataalamu wa lishe walihimiza, na bado wanahimiza, mtoto mdogo apewe bakuli lake ionekane amekula kiasi gani. Mayai nayo yaliishia sokoni. Sehemu nyingi mjamzito na mtoto walikatazwa kuyala. Tuliambiwa mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Kwa hiyo kuku alikuwepo uani, lakini wenye mahitaji makubwa zaidi walipata kidogo zaidi.

"Watoto hatukuwa na utapiamlo"

Waliokuwa nao sana hawapo kwenye kikao kusimulia. Mwaka 1970 matarajio ya kuishi ya Mtanzania anapozaliwa yalikuwa chini ya miaka 50. Leo yamepita 65. Wazee wa miaka mia walikuwepo, lakini idadi ya watoto waliozikwa kabla ya kutimiza miaka mitano ndiyo iliyoshusha hesabu ile.

Serikali iliyaona haya mapema. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa 1973, na muongo uliofuata, kwa msaada wa UNICEF na WHO, mkoa wa Iringa ulianza mpango wa lishe ambao ulikuja kujulikana duniani. Watoto walipimwa uzito hapohapo kijijini, kadi zikajazwa mbele ya watu, na kamati ya kijiji ikaulizwa kwa nini mtoto wa fulani amepungua. Jibu mara nyingi halikuwa njaa ya ghala. Mtoto alilishwa mara mbili kwa siku kama mtu mzima, uji mzito unaojaza tumbo kabla haujampa nguvu ya kutosha.

Dawa moja iliyopigiwa debe ilikuwa kimea, kile kile cha kutengenezea pombe. Ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, ukitiwa kijiko kwenye uji mzito wa vuguvugu, uji unalainika na kutiririka baada ya dakika chache bila kuongezwa maji. Mtoto anakunywa bakuli lilelile lenye unga mwingi zaidi. Akina bibi waliokuwa wakipika pombe hawakushangaa hata kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 takriban nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30. Bado ni wengi, ila mstari unashuka.

"Sangara ndiye samaki wa asili wa Ziwa Victoria"

Aliingizwa miaka ya 1950, na akatanda upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtoto wa Mwanza wa mwaka 1970 alikula furu na ngege. Amwulize mama yake.

Na ukweli uliomo

Wazee wanaposema kisukari kilikuwa nadra, hawakosei. Utafiti wa miaka ya 1980 katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara ulikikuta kwa karibu asilimia 1 tu ya watu wazima. Watu walitembea, walilima kwa jembe la mkono, walikula dona kwa sababu mashine ya kukoboa ilikuwa mbali na ilitaka hela zaidi, na dona inabaki na pumba na kiini vyenye vitamini ambazo sembe inazipoteza.

Lakini tusijipe sifa ya kujizuia. Mafuta yalipimwa kwa kijiko kwa sababu hayakuwepo. Sukari ilipoanza kupatikana dukani bila foleni, nyumbani kwetu vilikuwa vijiko vitatu kwa kikombe, na aliyeweka viwili aliulizwa kama anaumwa.