Inatumiwa na wakubwa, kwa hiyo ina pesa? Wapi!

Wengi hudhani programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi na yeyote huruhusiwa kuutumia, ikishatumiwa na kampuni kubwa, basi kampuni hizo zinaigharimia. Itazame OpenSSL, ambayo seva nyingi huitumia kusimba mawasiliano: nywila yako ya benki isisomwe njiani. Hadi dosari yake ya usalama iitwayo Heartbleed ilipofichuliwa Aprili 2014, michango yake ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na mtu wa kuishughulikia muda wote alikuwa mmoja tu. Mmoja! Baada ya kishindo hicho watu binafsi walituma dola 5, dola 10. Ahsante yao, ila hazilipi mshahara. Ndipo Linux Foundation, shirika linalosaidia programu huria, ikazikusanya kampuni za Google, Microsoft, Facebook na nyinginezo zichange. Leseni yenyewe ya OpenSSL, yaani masharti ya kuitumia, haikuwa ikizidai hata senti.